Picha ya Mbagala: uchambuzi wa shutuma iliyoficha kosa

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea masika ya mwaka juzi katika mtaa mmoja wa Kimara, upande wa juu wa Barabara ya Morogoro. Kinahusu ushirika wa Wakristo wa madhehebu sita ambao kwa miaka tisa walikuwa wakisali pamoja kila Alhamisi jioni, wakizikana na kuuguzana, hadi picha moja iliyopigwa kwa simu ilipokaribia kuwatawanya. Naandika kwa ridhaa ya mzee aliyepigwa picha hiyo na ya dada aliyeipiga. Majina sitayataja, na mambo machache yasiyogusa hoja nimeyageuza ili wasitambulike. Mimi ni Mwanglikana, mjumbe wa ushirika huo tangu mwanzo, na katika kisa hiki sikuwa mtazamaji tu. Sehemu yangu nitaieleza itakapofika zamu yake.

Mazingira ya kisa

Ushirika wetu haukuzaliwa na wazo la umoja wa Kanisa. Ulizaliwa na msiba. Mpangaji mmoja asiye na ndugu mjini alifariki, na majirani tukalazimika kuchangishana ili tununue jeneza na kuusafirisha mwili hadi kwao Songea. Usiku ule wa kukesha, Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana, Wamoraviani, Wasabato na Wapentekoste walikaa kwenye mikeka ileile, na kulipopambazuka mtu mmoja akauliza kwa nini tungoje mwingine afe ndipo tufahamiane. Tukaanza kusali Alhamisi, nyumba kwa nyumba, na kila kaya ikawa inatoa shilingi 5,000 kwa mwezi. Msiba ukitokea, mfiwa hupewa rambirambi ya shilingi 300,000 kutoka kwenye mfuko, papo hapo, bila kuandikiana barua.

Huko juu, madhehebu yetu yana vyombo vya kukutania. Ipo Jumuiya ya Kikristo Tanzania, lipo Baraza la Maaskofu Katoliki, na tangu mwaka 1992 vyombo hivyo viwili vina Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii inayoshughulikia hospitali na shule za makanisa. Kila mwaka, tarehe 18 hadi 25 Januari, kuna juma la kuombea umoja wa Wakristo. Mtaani hakuna tume. Kuna jirani aliyefiwa, na kuna swali la nani atabeba maji.

Umoja wa namna hii una masharti yasiyoandikwa. Hatukuwahi kushiriki Meza ya Bwana pamoja, wala hatukujaribu. Hatukubishana juu ya ubatizo wa watoto wala juu ya siku ya saba, na aliyeingia na salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo" aliitikiwa "Milele na milele, amina" hata na Mpentekoste, kama ambavyo Mkatoliki aliitikia "Amina" kwa "Bwana Yesu asifiwe". Nilidhani ukimya wetu ulikuwa ukomavu. Sasa naona kwamba mambo tuliyoyanyamazia hayakuwa yameisha. Yalikuwa yamewekwa akiba.

Mtunza hazina alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, mzee wa miaka 69, mkali wa hesabu na mkavu wa maneno. Mwezi Februari wa mwaka ule, mchungaji wa kanisa dogo la Kipentekoste ambalo kaya saba za ushirika wetu husali huko aliomba mfuko uchangie vyombo vya muziki vya mkesha. Mwinjilisti alikataa, na alikuwa na haki, maana fedha zilichangwa kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Lakini alikataa mbele ya watu wote kwa maneno haya: "Hela ya maiti haiendi kwenye spika." Tulicheka. Waliotoka katika kanisa lile hawakucheka, na sisi tuliokuwa tukicheka hatukuwaangalia.

Siku ya picha

Jumamosi moja ya Aprili, mvua ikinyesha tangu alfajiri, dada mmoja wa kanisa lile alikuwa ameketi dirishani katika daladala iliyokwama kwenye foleni huko Mbagala. Akamwona Mwinjilisti akitoka kwenye geti lenye kibao cha mganga wa tiba asili, kwapani amebana kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Akapiga picha. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi picha hiyo ilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp, na chini yake dada alikuwa ameweka swali la Paulo kwa Wakorintho kuhusu shirika kati ya nuru na giza. Neno lake mwenyewe hakuongeza hata moja.

Miongoni mwetu yuko mzee wa Kisabato ambaye huzima simu yake jua linapozama Ijumaa na kuiwasha linapozama Jumamosi. Alipoiwasha jioni hiyo alikuta jumbe 143. Akazisoma zote kwa mfululizo, kama mtu asomaye jalada la kesi, ilhali sisi wengine tulizisoma mojamoja kadiri zilivyoingia, kila moja ikitusukuma kuelekea inayofuata. Ndiyo maana ni yeye aliyegundua jambo ambalo watu zaidi ya hamsini hatukuliona: katika jumbe zote 143 hapakuwa na hata moja iliyouliza Mwinjilisti alikwenda pale kufanya nini.

Zilikuwa na nini, basi? Maombolezo, na mistari ya Biblia isiyopungua thelathini. Mama mmoja alikumbuka kwamba mwaka uliotangulia Mwinjilisti alikataa chai nyumbani kwake, na sasa akadai ameelewa sababu. Mwingine alihesabu misiba iliyotokea tangu mzee huyo ashike mfuko. Saa tisa alasiri msimamizi wa kundi alimwondoa, akieleza kwamba anawalinda kondoo, na mtuhumiwa hadi saa hiyo hakuwa amesoma hata mstari mmoja kwa kuwa hakuwa na bando. Alipolinunua usiku ndipo akakuta ameshaondolewa.

Na mimi? Saa tano na dakika sita niliandika maneno mawili: "Mungu atusaidie." Nilijiona nimesema jambo la kiasi lisilomhukumu mtu. Nilipoyasoma tena baadaye, nimeketi karibu na mzee wa Kisabato, yakiwa mahali pake katikati ya mengine, niliona kazi yaliyoifanya. Aliyekuwa na shaka hadi saa tano alielewa kwamba hata mzee wa kanisa wa Anglikana amekubali kuwa balaa limeingia.

Jumapili, katika kanisa la dada huyo, waliombewa viongozi wanaokunywa kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani. Jumatatu Walutheri wakajibu, na katika kujibu hawakumtetea mtu wao kwa kutafuta ukweli; walirusha mawe upande wa pili, wakitaja maji ya upako, mafuta ya upako na manabii wa kupita. Kufikia Jumanne hakuna aliyekuwa akimzungumzia Mwinjilisti tena. Lilikuwa limegeuka shauri la waliookoka na wasiookoka, shauri ambalo Wakristo wa Afrika Mashariki wanalijua tangu Uamsho uliotoka Rwanda katika miaka ya 1930 na kupita Uganda hadi Bukoba, ukawasha moto katika makanisa mengi na pia ukawaachia watu neno la kujitenga na jirani zao.

Jumatano akafariki baba wa familia moja ya Kikatoliki. Mfuko wa rambirambi ulikuwa kwenye laini ya simu ya mtu ambaye hakuna aliyetaka kumpigia. Zikazungushwa orodha mbili za michango, zikapikwa sufuria mbili, na kwenye matanga makundi mawili yakakaa pande mbili za turubai, kila moja likianzisha pambio lake kabla jingine halijamaliza, Wakatoliki wakiwa katikati na rozari zao. Binti wa marehemu alisimama akaomba jambo moja tu, kwamba wanaotaka kuimba waimbe kwa zamu, kwa kuwa mama yake hasikii vizuri.

Kilichokuwamo ndani ya picha

Picha ile ina vitu vinne: mtu, geti, kibao na kifurushi. Tendo halimo. Kwamba alikwenda kuagua, kwamba kifurushi ni dawa, kwamba ni desturi yake, hayo yote tuliyaweka sisi, na kila mmoja aliyaweka kwa hofu aliyokuwa nayo kabla ya picha. Dada mwenye simu, kama nilivyokuja kufahamu, alimwona mama yake akiuza kiwanja ili kumlipa mpiga ramli, na tangu utotoni hawezi kupita karibu na kibao cha namna hiyo bila moyo kumwenda mbio. Hakuwa na nia ya kusingizia. Aliogopa kweli, na hofu ya kweli ikapata mwangwi katika kanisa lililokuwa bado na jeraha la maneno ya spika.

Kibao chenyewe, ukikikuza kwenye simu, kina namba ya usajili. Hakuna aliyekikuza. Tangu ilipotungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, lipo baraza linalosajili watoa tiba asili, na kwa hiyo muuza mizizi aliyesajiliwa na mpiga ramli ni watu wawili tofauti, ingawa mtaani wote huitwa mganga. Sisemi kwamba namba inamsafisha mwenye nyumba. Wapo wanaojificha nyuma ya namba. Nasema tu kwamba neno moja la Kiswahili lilibeba mambo mawili, na sisi tulichagua lililo baya zaidi bila kujua kwamba tumechagua. Nikumbushe pia kwamba mwaka 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, misururu ya magari ilijaa waumini wa kila namna, na wapo miongoni mwa walioandika Jumamosi ile ambao walikunywa kikombe hicho. Siwasuti. Nashangaa tu jinsi mtu anavyoweza kuielewa safari yake mwenyewe kwa undani wote, na ya mwenzake akaielewa kwa kibao cha getini.

Barazani

Siku kumi na moja baada ya picha, mzee wa Kisabato aliniambia tuchukue bajaji twende kwa Mwinjilisti. Tulimkuta barazani akichambua mchele. Alitukaribisha, akasogeza kiti, akaendelea na ungo wake.

"Mwinjilisti, tumechelewa kuja," nikasema.

"Siku kumi na moja," akajibu.

Mzee wa Kisabato akamwambia kwamba hatukuja na neno, tumekuja na swali, na asipotaka kulijibu tutakunywa maji tuondoke. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaeleza. Mwenye geti la Mbagala ni ndugu wa shemeji yake marehemu. Dada yake Mwinjilisti naye alishafariki, na mwana wao, kijana wa miaka 19, alikuwa akilelewa na huyo baba yake mdogo. Kijana alikuwa amezama katika dawa za kulevya. Mjomba mtu alikuwa amemtafutia nafasi katika nyumba ya upataji nafuu, na Jumamosi ile alikwenda kuchukua cheti chake cha kuzaliwa na vyeti vya shule, akavifunga kwa gazeti kwa sababu ya mvua. Hakumwambia mtu kwa kuwa kijana alimwomba asimwambie mtu. Leo kijana huyo ameniruhusu kuyaandika haya.

Tungeweza kuishia hapo, na kisa kingekuwa cha kawaida: mtu mwema kasingiziwa, wenye midomo wameaibika. Lakini Mwinjilisti aliweka ungo chini akasema, "Lipo jingine, ambalo hamjaniuliza." Katika mfuko palikuwa na shilingi 612,000. Alitoa 350,000 akalipia mwezi wa kwanza wa kijana, akikusudia kurudisha pensheni itakapoingia. Hakuomba idhini. Zilibaki 262,000, pungufu ya rambirambi moja. Kisha akasema sentensi ambayo ndiyo imenifanya niandike uchambuzi huu: "Niliposikia nasingiziwa uganga, kusema kweli nilipumua. Nilijua maadamu wanashughulika na hilo, hakuna atakayeniuliza hesabu."

Hukumu mbili zilizochanganyika

Tumezoea kufundisha kwamba hukumu ya haraka ni mbaya kwa sababu inaweza kumwangukia asiye na hatia. Ni kweli, lakini kisa hiki kinaonyesha upande ambao husemwa mara chache. Hukumu ya haraka pia humficha mwenye hatia. Ushirika wenye watu zaidi ya hamsini, wote wakidai kulinda utakatifu wa kundi, ulishughulika kwa siku kumi na moja na kosa ambalo halikuwepo, na muda wote huo kosa lililokuwepo lilikaa salama kwenye laini ya simu. Kama mtu mmoja tu angempigia Jumamosi saa nne na nusu na kumuuliza kwa upole, "Mwinjilisti, Mbagala kuna nini?", huenda angeeleza habari za kijana, na habari za kijana zingeleta habari za gharama, na gharama zingeleta habari za mfuko, kabla baba wa watu hajafariki. Aliyesingiziwa hupata ngome. Akishajua kwamba wanaomshitaki wamekosea jambo moja, haoni wajibu wa kuwaambia jingine.

Ndani ya bajaji, tukirudi, mzee wa Kisabato alinikumbusha sura ya 22 ya kitabu cha Yoshua. Wareubeni, Wagadi na nusu ya kabila la Manase walijenga madhabahu kubwa karibu na Yordani, na Waisraeli wengine, waliposikia, wakakusanyika Shilo ili wawaendee vitani. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya sura hiyo husifu kwamba walimtuma kwanza Finehasi mwana wa Eleazari pamoja na wakuu kumi. Yeye alisisitiza mambo mengine mawili. La kwanza, wajumbe hao hawakwenda wakiwa na upole wa kuigiza. Walianza kwa kushitaki, wakataja waziwazi dhambi ya Peori, pale Waisraeli walipoabudu mungu wa kigeni, lakini walisema yote hayo mbele ya wahusika, mahali ambapo jibu lingeweza kusikika. La pili ndilo lililonigusa. Wajumbe walisema kwamba kama nchi ya ng'ambo ni najisi, basi ndugu zao wavuke waje wakae pamoja nao. Yaani walikuwa tayari kupunguza mashamba yao wenyewe ili kumwokoa mtu asianguke. Jibu lilipotolewa, kwamba madhabahu ile ilikuwa ya ushahidi na si ya kafara, na kwamba ilijengwa kwa hofu ya watoto wao kuja kuambiwa hawana sehemu katika Bwana, Finehasi alirudi na vita havikuwepo. Katika kundi letu, nani alikuwa tayari kutoa hata nauli ya daladala kwa ajili ya Mwinjilisti?

Kwangu mimi Mwanglikana kuna kisa cha karibu zaidi, na hakimpendezi kila mtu kwetu kikisimuliwa. Mwezi Juni mwaka 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga namna ya kushirikiana, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja. Frank Weston, askofu wa Zanzibar ambaye dayosisi yake ilivuka bahari hadi Magila, hakuwepo. Alipopata habari aliwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, na Uingereza yote ikaingia katika mabishano. Swali lake lilikuwa la kweli: je, Meza inaweza kushirikiwa kabla ya kukubaliana juu ya uaskofu? Ni swali ambalo hata ushirika wetu wa Kimara haujathubutu kuligusa. Lakini kwa kuwa lilikuja kama mashitaka ya uzushi, watu walichagua pande kabla ya kulisikiliza. Miaka saba baadaye, kwenye mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth wa 1920, askofu huyohuyo alishiriki kuandaa wito kwa Wakristo wote kutafuta umoja. Hata hivyo lazima nimtendee haki Weston. Aliandika kwa jina lake, akataja anachoshitaki, akakipeleka kwa mwenye mamlaka ya kukiamua. Sisi tulituma picha.

Nisieleweke kwamba nataka waumini waache kuhukumu. Nilipomuuliza Mwinjilisti kama angependa mambo yote mawili yazikwe, la uganga na la fedha, alikataa kwa ukali. Akasema kwamba mwaka 1977 alikuwa kijana wa kwaya wakati Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipofanya mkutano wake mkuu hapa Dar es Salaam, mkutano uliomchagua Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa shirikisho hilo, na kwamba pale walitamka kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ungamo la imani, si la siasa tu. Makanisa mawili ya weupe ya kusini mwa Afrika ambayo hayakujitenga na ubaguzi huo yalisimamishwa uanachama kwenye mkutano wa Budapest, mwaka 1984. "Miaka saba," akasema. "Waliambiwa, wakasubiriwa, wakahukumiwa. Mimi niambieni, nisubirini, kisha mnihukumu."

Kilichofanyika

Hapo mzee wa Kisabato na mimi tulitofautiana, na hadi leo hatujakubaliana kikamilifu. Yeye alishika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo: ndugu amekosa, tumekwenda wawili, amesikia, basi tumempata ndugu yetu na hakuna haja ya kulipeleka mbele ya watu wote. Mimi nilisema kwamba maneno hayo yanahusu kosa kati ya mtu na mtu, na kwamba mfuko ni wa kaya zote, kwa hiyo kaya zote zina haki ya kujua hesabu. Mwenyewe Mwinjilisti ndiye aliyeamua. Alirudisha fedha kwa mafungu mawili, akajiuzulu utunza hazina, akaomba hesabu isomwe hadharani. Mwanawe mkubwa alikuwa akitaka kwenda polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Baba yake akamwambia kwamba hawezi kushitaki kwa mkono ambao bado unadaiwa.

Tulikutana Alhamisi ya mwisho ya Mei katika uwanja wa nyumba ya yule binti aliyefiwa, kwa kuwa pande zote mbili zilimheshimu. Mchungaji wa Kipentekoste alikataa mara ya kwanza, akakubali mara ya pili. Habari za kijana hatukuzisema. Tulisema kwamba Mwinjilisti alikwenda Mbagala kwa sababu ya kifamilia, kwamba wazee wawili wa madhehebu tofauti wameonyeshwa uthibitisho na wameridhika, na kwamba yaliyomo hayatatajwa. Wengine walinung'unika wakitaka kuviona vyeti. Mzee wa Kisabato akawaambia kwamba mashahidi wawili wanatosha kumtia mtu hatiani katika Torati, basi watoshe na kumtoa.

Kisha hesabu ikasomwa, na hapo likatokea nililokuwa nikiliogopa. Watu watatu wanne wakasema kwa pamoja, "Si tulisema?" Kosa la kweli lilichukuliwa kuwa ushahidi wa shutuma ya uongo. Ilitubidi kurudia, kwa subira ambayo sikujua ninayo, kwamba kutumia fedha bila idhini ni jambo moja na kwenda kwa mpiga ramli ni jambo jingine, kwamba la kwanza limekiriwa na kulipwa na la pili halikutokea, na kwamba mtu anayeshikwa kwa moja hawi ameshikwa kwa yote. Mchungaji ndiye aliyenisaidia. Alisimama akasema kwamba mwezi Februari alitukanwa mbele ya watu, kwamba aliipokea picha ile kwa furaha ambayo hakupaswa kuwa nayo, na kwamba hakuipima. Mwinjilisti akainuka kwenye kiti chake, akasema, "Mchungaji, lile la spika nilikosea mdomo, ingawa hela ningekunyima tena." Watu wakacheka, na safari hii hata kaya zile saba zilicheka.

Sitasema kwamba tulirudi kama zamani. Kaya mbili ziliondoka, moja ya Kilutheri na moja ya Kipentekoste, na Alhamisi nyingine mikeka hubaki na nafasi. Picha bado inazunguka. Mwezi Septemba jamaa mmoja wa Kibaha alinionyesha, ikiwa na maelezo mengine kabisa. Mwinjilisti amekataa kurudishwa kwenye kundi la simu na anasema mwenye shida naye anajua nyumba yake ilipo. Hazina sasa inashikwa na watu wawili wa madhehebu mawili, na kila robo mwaka hesabu inasomwa.

Kwenye daftari la kumbukumbu la siku ile tuliandika mistari miwili. Wa kwanza: shutuma ya uganga, haina ushahidi, imefutwa. Wa pili: shilingi 350,000, zilitumika bila idhini, zimerudishwa zote. Katibu alipotaka kufunga daftari, dada mwenye picha akaomba uandikwe wa tatu. Akautamka mwenyewe polepole ili katibu aupate: picha ilipigwa na kutumwa bila kumuuliza mwenyewe. Akatia sahihi. Katibu akatazama huku na huku kama kuna mwingine. Nikaomba kalamu, nikaandika tarehe ya Jumamosi ile, saa tano na dakika sita, na yale maneno yangu mawili.